Kumwandalia mzee kompyuta ya Linux: ushauri kwa anayeanza

Ukiombwa umwandalie mzazi au bibi kompyuta ya Linux, yaani yenye mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, usianze na flashi ya kusakinishia. Kaa naye kwanza mbele ya kompyuta anayoitumia sasa, umwache afanye mambo yake bila wewe kushika kipanya, nawe uandike kila anachokifungua. Mara nyingi orodha huwa fupi: barua pepe, simu za video na wajukuu, habari, picha, na pengine barua ya kuchapisha. Ikiwa ndani yake mna programu moja anayoitegemea ambayo haina toleo la Linux wala haifanyi kazi kwenye kivinjari, ni heri umwache na mfumo aliouzoea.

Wanaoanza hupoteza muda mwingi kulinganisha matoleo mbalimbali ya Linux. Mimi hupendekeza toleo la Linux Mint lenye Cinnamon, yaani mwonekano wake wa dawati, kwa kuwa menyu na upau wake wa chini havimshangazi mtu aliyetoka Windows, na kwa kuwa imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine maarufu, katika matoleo yake yanayohudumiwa kwa muda mrefu: Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, itapata masasisho ya usalama hadi 2029. Ikiwa kompyuta bado ina diski ya kuzunguka, ibadilishe kwa SSD, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, kwani hakuna gharama nyingine itakayoonekana upesi kiasi hicho.

Kabla ya kufuta chochote, washa kompyuta kwa flashi bila kusakinisha, kisha ujaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa, pamoja na kuilaza na kuiamsha. Baadhi ya kadi za Wi-Fi, hasa za Broadcom, huhitaji draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya ziada, na ni afadhali ulijue hilo mapema. Picha zake zinakiliwe kwenye diski ya nje, na ufungue kadhaa kuhakikisha kwamba kweli zinafunguka.

Tengeneza akaunti mbili, moja yako yenye mamlaka ya usimamizi na nyingine yake ya kawaida. Wapo wanaoona kwamba huko ni kumvunjia mzee heshima, nami sikubaliani nao, mradi umemweleza sababu: anayempigia simu akijifanya fundi hataweza kumwongoza abadilishe mfumo mzima. Hata hivyo, akaunti ya kawaida haimzuii kuandika nenosiri la benki kwenye ukurasa bandia, kwa hiyo mwekee pia kizuia matangazo cha uBlock Origin ndani ya kivinjari cha Firefox, ipunguze matangazo yanayodai kwamba kompyuta yake ina virusi.

Kazi inayohitaji subira zaidi ni ya macho na mikono. Ongeza ukubwa wa maandishi akiwa ameketi mahali pake pa kawaida na amevaa miwani yake ya kila siku, kwa sababu kipimo kinachokutosha wewe hakimhusu. Mtazame anapobofya mara mbili: mkono ukitetemeka, faili huburutwa badala ya kufunguka, naye hudhani limepotea. Katika mapendeleo ya Nemo, programu ya mafaili, unaweza kuchagua kufungua kwa mbofyo mmoja, na tatizo hilo likaisha.

Washa masasisho ya kujiendesha, kisha upange Timeshift, programu ya kurejesha mfumo, ihifadhi hali ya mfumo kila wiki, ili sasisho likiharibu kitu urudi nyuma kwa dakika chache. Kumbuka kwamba kwa kawaida Timeshift haigusi picha wala barua zake, na hizo zinahitaji nakala rudufu ya peke yake.

Kwa msaada wa mbali, RustDesk, programu ya kuiona na kuiendesha kompyuta yake ukiwa kwako, inatosha, lakini iweke katika hali ya kumtaka akubali kila unapoingia, na mkubaliane kwamba utampigia simu kwanza, aisikie sauti yako kabla hajabofya kukubali.