Eti amira inakula mafuta kwenye chemba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza supu ya ng'ombe hapa Mwanjelwa, Mbeya, chemba inaziba kila mara na hii baridi ya Juni ndo kabisa. Jirani kaniambia nimwage amira, eti vijidudu vitakula mafuta yote. Ni kweli au naenda kupoteza hela? – Mama Supu

JIBU: Marahaba mama. Jirani kapatia nusu. Vijidudu vinavyokula mafuta vipo, tena vingi, na humo kwenye chemba yako wamo tayari, ila amira siyo fundi wa hiyo kazi, yenyewe inapenda sukari, kakandie maandazi tu.

Iko hivi, bakteria hana mdomo wa kumeza tonge la mafuta, kwa hiyo anatema kimeng'enya nje, kinaitwa laipesi, kinayavunja mafuta yanakuwa gliseroli na asidi za mafuta, hizo ndo anaziingiza ndani. Huko ndani anazikata kaboni mbili mbili, kama mtoto anavyokata muwa pingili kwa pingili. Asidi moja iliyojaa kwenye mafuta ya ng'ombe, palmitiki, ina kaboni 16, inakatwa mara 7 vinatoka vipande 8, na kila kipande kinachomwa kupata nguvu. Na nguvu ipo kweli, gramu ya mafuta ina kalori kama 9 wakati ya sukari ni 4, ndo maana vijidudu vingine vinajiwekea akiba ya mafuta kabisa. Hata hiyo amira ikishiba inatengeneza vitone vya mafuta ndani yake, na kuna bakteria anaitwa Rhodococcus opacus, chakula kikiwa tele ila naitrojeni haba, zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu inakuwa mafuta! (Hata mdudu wa TB anaweka akiba hivyo akijificha mwilini.)

Sasa kwako shida ni baridi. Mafuta ya ng'ombe yakipoa yanakuwa kama mshumaa, bakteria wanagusa juu juu tu, halafu baridi inawachelewesha na huko chini hewa hakuna, wakati wewe kila asubuhi unaongeza sufuria nyingine. Hawawezi kwenda na kasi yako mama.

Acha sufuria ipoe usiku, asubuhi bandua lile gamba jeupe, uwape wanaopika sabuni, kisha futa sufuria kwa karatasi kabla haijagusa maji. Na maji ya moto usimwage, yanayeyusha mafuta hapo karoni tu, yakifika mbele kwenye bomba yanaganda tena, na huko ndo kuchimbua kwake utalia.