Damu nzito: naeza changanya chai ya Kichina na warfarini?

SWALI: Daktari habari. Mimi nauza omena hapo Kibuye, niko miaka 47. Mwaka jana mguu wa kushoto ulifura ukawa moto, nikaambiwa hosi damu imeganda kwa mshipa, nikawekwa kwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kila mara natolewa damu nipimwe. Sasa rafiki akanipeleka kwa duka la dawa za Kichina, nikashikishwa kachuma kameunganishwa na kompyuta, wakasema damu yangu ni nzito haitembei, nikauziwa chai na vidonge vya elfu sita. Si wote wanasema damu imekwama? Naeza tumia zote nipone haraka? – Mama Omena, Kisumu

JIBU: Mama, pole kwa mguu. Hiyo chai iweke kando kwanza, na warfarini usiache.

Ni kweli wote wanasema damu imekwama, lakini kila mtu na yake. Wa hosi anamaanisha kuna donge ndani ya mshipa, analiona kwa ultrasaundi, na anachoogopa ni limeguke lipande hadi kwa mapafu. Daktari wa Kichina aliyesomea kazi yake anakushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu asikize mapigo, anaangalia ulimi, ukiwa zambarau anasema damu imetuama juu nguvu ya kuisukuma, wao huita chi, imelegea ama imezibwa, na kwake huko kutuama kunaweza kuwa hata maumivu ya hedhi ama ya kifua, hatafuti donge. Halafu anakupa mizizi ama anakudunga sindano zile nyembamba. Umeona kompyuta hapo? Mi naona hako kachuma si ka Uchina wala ka hosi, ni ka kuuza tu.

Na sidharau Wachina, hii AL tunameza huku kila malaria ikitushika imetokana na artemisinini, mwanasayansi wa Uchina Tu Youyou na wenzake waliitoa kwa mmea wao qinghao 1972, akapewa Nobel 2015. Lakini hiyo ilipimwa ikajulikana unameza miligramu ngapi.

Chai yako nani amepima? Mzizi mmoja wanaopenda kuweka kwa dawa za kutembeza damu ni danshen, na huo unazidisha nguvu ya warfarini, mzizi mwingine, danggui, nao vile vile. Kile kipimo chako, INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kwa shida kama yako hukaa kati ya 2 na 3, ikipanda sana fizi zinatoka damu, mkojo unakuwa mwekundu, choo kinakuwa cheusi kama lami, na mbaya zaidi damu inaweza kumwagikia kwa ubongo. Kama ushaanza kuinywa, beba pakiti zote uende kliniki kesho asubuhi wakupime, na ukiona hata moja ya hizo dalili, ama kichwa kinauma vibaya, usingoje kesho.

Na mboga pia, juu najua utauliza: sukuma na osuga ziko na vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Usiache kula, kula tu kiasi kile kile kila wiki, si leo sahani nzima halafu mwezi mzima hakuna.

Vidonge ambavyo hujafungua rudisha, uitishe pesa yako.