Silika na raba asilia: maswali yenu

Nimeacha masizi, natumia silika nyeupe (unga wa kuimarisha raba) kwenye bushi za raba asilia. Zinachelewa kuiva na zinachanika upesi. Nimekosea wapi? (Fundi, Gerezani)

Fundi, umewaoza watu wasiojuana bila mshenga. Punje ya silika inapenda maji na punje wenzake, raba haina habari nayo. Matokeo yake silika inajikusanya vibonge, na juu ya vibonge hivyo inanasa kiharakishi chako, ile kemikali ya kuharakisha kuiva. Ndiyo maana bushi hazijaiva.

Mshenga ni sileni, kemikali yenye mikono miwili. Mkono mmoja unashika silika, mwingine wenye salfa unashika raba wakati wa kuivisha. Kwa aina ya sileni iitwayo TESPT, anza na asilimia 8 ya uzito wa silika: kilo 40 za silika, kilo 3.2 za sileni.

Ila mshenga huyu anadai joto. Kanda raba, silika na sileni kwanza, ufike kati ya 140°C na 155°C, uushikilie hapo dakika kadhaa. Utasikia harufu ya spiriti. Hiyo ni ethanoli inatoka, maana yake kazi inafanyika. Fungua madirisha, na moto usikaribie. Ukivuka 160°C, salfa iliyo ndani ya sileni yenyewe itaanza kuivisha mchanganyiko mashineni, na kuubandua ni adhabu. Salfa na kiharakishi visubiri upoe.

Nina rola mbili za wazi tu. Joto hilo nitalipata wapi?

Hulipati, usijidanganye. Nunua silika iliyokwisha kupakwa sileni kiwandani. Bei iko juu, lakini utatupa bushi chache. Njia nyingine ni kuchanganya sehemu ya raba asilia iliyoepoksidishwa, inayotengenezwa Malaysia. Oksijeni iliyopachikwa kwenye mnyororo wake huishika silika hata bila sileni.

Sileni itafaa kwenye chaki?

Hapana. Chaki haina pa kushikwa. Kaolini, ule udongo mweupe, inayo.

Nitajuaje silika imeshika raba kweli, na maabara sina?

Kabla ya kutia salfa, kata nusu gramu vipande vidogo, funga kwenye wavu laini wa chuma, loweka kwenye toluini (kimiminika cha kuyeyushia raba) siku tatu, ukibadilisha toluini baada ya siku ya kwanza. Raba isiyoshikwa itayeyuka. Kausha, pima, toa uzito wa silika: kilichobaki ni raba iliyoshikwa. Ikiwa wavuni umebaki unga mtupu, rudi kwenye joto. Toluini inalipuka na inalevya, basi fanyia nje. (Mizani ya sonara inatosha.)

Mteja anataka bushi "salama". Nitoe nini? (Thika)

Anza na kiharakishi kiitwacho TMTD: wakati wa kuivisha huzaa nitrosamini, zinazosababisha saratani. Ndugu yake TBzTD hutumika badala yake, kwani nitrosamini yake haina sumu hiyo. Mafuta mazito ya aromatiki, yale ya kulainishia raba, nayo yaondoke. Umoja wa Ulaya umeyabana kwenye matairi tangu 2010.

DPG, kiharakishi kisaidizi, ndiyo ngumu. Ikipata joto hutoa anilini, yenye sumu, lakini pia huisaidia sileni kushika silika. Ukiitoa ghafla utarudi kwa yule fundi wa Gerezani. Punguza kidogo kidogo, ongeza TBzTD kiasi, na kila ukipunguza rudia jaribio la toluini kabla hujachanganya kundi zima.