Muulize Mwalimu: Binti ami si mkalimani wa chuo

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kiziwi tangu utotoni, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Nilisoma shule ya viziwi ya Ziwani, na sasa nafanya diploma ya uhasibu katika chuo kimoja hapa kisiwani. Darasani asiyesikia ni mimi peke yangu. Binti ami yangu tuko naye darasa moja na ishara anazijua, maana tumelelewa nyumba moja. Siku ya kusajiliwa, afisini waliniambia nina bahati, nimekuja na mkalimani wangu. Tangu hapo yeye ndiye anayenitafsiria. Mkufunzi akienda mbio hunifupishia: “Amesema tusome ukurasa ule.” Wenzangu wakicheka, sijui wanacheka nini. Muhula uliopita alama zake zilishuka, na mamake ameanza kununa. Je, nikiomba mkalimani wa chuo nitaonekana sina shukrani?*
*Binti wa Kisauni*

Marahaba, mwanangu. La, hutaonekana hivyo, na hata kama yupo atakayekuona hivyo, omba vilevile.

Afisi hiyo ilimwona msichana anayejua ishara ikadhani tatizo limekwisha. Kumbe imewapunguzia masomo wanafunzi wawili kwa mpigo. Binti ami yako amelipiwa karo asome, hakulipiwa karo afanye kazi ya chuo bila malipo.

Nimefundisha viziwi sehemu kubwa ya maisha yangu hapa Mombasa, na ninajua jinsi ukalimani unavyochosha akili. Mkalimani husikiliza sentensi inayosemwa huku mikono yake ingali kwenye ile iliyopita. Ndiyo sababu kipindi kikiwa kirefu wakalimani huwa wawili, wakapokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Sasa mtoto wa watu afanye hayo peke yake asubuhi hadi alasiri, na papo hapo aandike nukuu zake na ajibu maswali? Asiposhuka alama ni ajabu.

Na huo ufupisho unaniuma zaidi. “Tusome ukurasa ule” ni agizo tu. Somo lenyewe lilikuwa pale mkufunzi alipoeleza kwa nini uchakavu wa gari la kampuni unahesabiwa kuwa gharama ilhali hakuna pesa iliyotoka mfukoni mwaka huo. Akatoa mfano, mtu akauliza swali, darasa likacheka. Hayo yote ni yako. Umeyalipia karo.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta nundu au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Lugha ya Ishara ya Kenya ni miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003, kabla hata ya ile mpya ya 2025 kuchukua nafasi yake, ilishazitaka taasisi za elimu kuzingatia mahitaji ya wanafunzi hawa katika masomo na mitihani. Kwa hivyo huendi kuomba hisani.

Kama hujajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, anza hapo. Utapimwa katika hospitali ya umma, kisha utaandikishwa na kupewa kadi. Afisi ya baraza ipo hapa Mombasa. Ukiwa na kadi, afisi ya chuo haitakuwa na sababu ya kukuuliza kama kweli husikii, na pia unaweza kuomba msaada wa karo au wa vifaa kupitia hazina ya baraza hilo.

Kisha andika barua kwa afisa wa chuo anayesimamia mambo ya wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara yenu. Nimeona barua nyingi zikifa kwa sababu zimeandikwa “naomba msaada”. Msaada gani? Karani akisoma hivyo huiweka kando. Andika hivi:

“Mimi ni mwanafunzi kiziwi wa diploma ya uhasibu. Naomba mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya kwa vipindi vyote vya muhula ujao, mwanafunzi wa kuniandikia nukuu, na muda wa ziada katika mitihani. Ratiba yangu nimeiambatisha.”

Ipeleke mapema, muhula haujaanza, maana wakalimani waliofunzwa ni wachache na hushikwa na kazi nyingine. Nenda na nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa, pamoja na tarehe. Usiondoke afisini bila muhuri huo.

Nimetaja mwandishi wa nukuu kwa sababu hata mkalimani hodari hawezi kukupa macho mengine. Ukiinama kuandika, umeshakosa sentensi mbili. Mwenzako mwenye mwandiko unaosomeka anaweza kukupigia picha daftari lake kila jioni, na chuo kimtambue rasmi, isiwe ni kumbembeleza. Waombe wakufunzi wakupe wewe na mkalimani maelezo ya somo siku moja kabla. Maneno kama mtaji, uchakavu na salio yanahitaji ishara mlizokubaliana mapema, la sivyo atayataja herufi kwa herufi kwa vidole, na mkufunzi hatamngoja. Mkalimani asimame karibu na mkufunzi na ubao, wala si mbele ya dirisha. Jua letu la saa sita likimpiga kwa nyuma utaona kivuli tu.

Liko pia jambo dogo ambalo nimeona likiwaumiza wengi: kundi la WhatsApp la darasa. Kiongozi wa darasa anatuma ujumbe wa sauti kwamba mtihani umehamishiwa chumba kingine, na kiziwi anakwenda kukaa peke yake kwenye chumba kitupu. Liandike hilo pia katika barua yako: matangazo yote yawe kwa maandishi.

Wakikujibu kwamba pesa hazipo, omba jibu hilo kwa maandishi, na uombe waanze na vipindi vyenye maelezo mengi wakati wanatafuta bajeti. Wakikataa hayo nayo, barua yako yenye muhuri ipeleke kwa baraza, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Binti ami yako mweleze wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Mwambie unamtaka awe ndugu yako, na arudi kwenye daftari lake. Kwa mamake nenda mkiwa wawili.

*Mwalimu, mwanangu anatumia kiti cha magurudumu. Darasa lake liko orofa ya tatu na lifti imekufa. Wenzake humbeba yeye na kiti chake. Chuo kinasema tuvumilie hadi fundi apatikane.*
*Baba wa Likoni*

Usivumilie, ndugu yangu. Vijana wanaombeba wana moyo mzuri, lakini mguu mmoja ukiteleza kwenye ngazi wataumia wote. Na kijana wa chuo kubebwa mbele ya watu kila asubuhi, hata kama hasemi, si jambo la kumzoesha.

Lifti waitengeneze kwa wakati wao. Leo omba darasa lihamishwe chini. Ni kazi ya anayepanga ratiba, hugharimu karatasi mpya ukutani tu. Muulize pia mwanao kuhusu choo, mlango wa maktaba na chumba cha mitihani, maana hayo watoto huona haya kuyasema.

*Mimi ni mkufunzi. Nina mwanafunzi kiziwi na idara imeniagiza nimwongeze muda katika mtihani. Wengine wananung’unika kuwa ni upendeleo. Niwajibu nini?*
*Mkufunzi, Tudor*

Waambie ukweli, mwalimu mwenzangu. Hata Baraza la Mitihani la Kitaifa huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na cheti chao ni kilekile. Huyo kijana anafikiri kwa lugha ya ishara, yenye sarufi yake, kisha anasoma swali la Kiingereza na kujibu kwa Kiingereza, lugha ambayo hajawahi kuisikia ikisemwa. Maswali ni yaleyale, na anayesahihisha hamwongezei alama hata moja.

Nakuomba na wewe jambo moja: ukisahihisha, tenganisha kosa la sarufi na kosa la hesabu. Na ukifundisha, usiseme huku umegeukia ubao. Andika kwanza, kisha geuka, ndipo useme. Ukitaka kumwita, mpungie mkono au mguse begani. Ukiwa na swali kwake, mtazame yeye, si mkalimani.