Kwa wafamasia wapya: kidonge cha mifupa hakitoki dirishani bila maneno yake

Wadogo zangu mliopangiwa dirisha la dawa kwa mafunzo ya vitendo, nawapenda, na ndiyo maana naandika haya nikiwa na uchungu kidogo. Wiki hii nilisimama nyuma ya mmoja wenu akimhudumia mama aliyetoka kliniki ya mifupa na cheti chenye alendroneti ya miligramu 70, kalsiamu na vitamini D. Alizichukua zote tatu kwenye rafu bila kukosea, akaandika bahasha kwa mwandiko safi, akasema, "Hizi zote asubuhi, mama," kisha akaita namba inayofuata. Dawa ilikuwa sahihi na mgonjwa alikuwa sahihi, lakini mama yule angekwenda nyumbani na matibabu yasiyofanya kazi, kwa sababu kalsiamu ikikutana na alendroneti tumboni huishika na kuizuia isiingie mwilini. Tulimwita arudi tukaanza upya, naye alitushukuru kuliko tulivyostahili.

Mlifundishwa darasani kwamba dawa za mifupa za kundi la bisfosfoneti, alendroneti ikiwamo, hufyonzwa kidogo sana, na mtihani mkaufaulu. Nataka mkumbuke maana yake mkiwa dirishani. Hata mgonjwa akifuata kila kitu, mwili huchukua chini ya asilimia 1 ya kidonge kile. Kahawa au juisi ya machungwa hukata hicho kidogo kwa takriban asilimia 60, na chakula huweza kukimaliza kabisa. Mtu anaweza kumeza kwa uaminifu mwaka mzima, akalipa kwa bima au kwa fedha yake, na nyonga ikavunjika kama ya mtu ambaye hakumeza chochote. Kwa ugonjwa wa osteoporosisi, yaani mifupa kuwa dhaifu, ambao hauumi mpaka siku mfupa unapovunjika, hakuna dalili itakayomshtua mapema kwamba anakosea. Atakayemwambia ni wewe.

Jambo la kwanza ni maji na saa. Anapoamka, kabla ya chai, kabla ya uji, kabla ya dawa nyingine yoyote, anameza kidonge kizima bila kukitafuna wala kukimumunya, kwa glasi iliyojaa maji ya kawaida. Msiishie kusema "maji mengi", kwa maana kila mtu ana wingi wake. Muonyesheni glasi. Hapa Dar es Salaam ulizeni pia maji yanatoka wapi, kwa sababu nyumba nyingi hutumia maji ya visima yenye chumvi na madini. Kwa kidonge hiki ni bora maji ya bomba yaliyochemshwa yakapoa, au ya chupa yasiyo ya madini. Baada ya hapo dakika 30 akiwa wima, ameketi, amesimama au anatembea, bila kula na bila kulala. Anayewahi daladala alfajiri hana shida, kwani hata akisimama njia nzima kutoka Mbagala hadi Kariakoo kidonge kinashuka vizuri. Mwenye shida ni yule anayemeza kisha akajinyoosha kitandani. Kwa wale wanaotumia ibandroneti, ndugu yake wa kundi hilohilo, ya mara moja kwa mwezi, kukaa wima ni dakika 60.

Jambo la pili ni ile "1×1" yenu, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, na hapa nitakaa muda mrefu.

Kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani, bibi mmoja aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Anguko lilikuwa dogo, daktari akashuku mifupa, vipimo vikathibitisha, akaandikiwa alendroneti ya miligramu 70 mara moja kwa wiki. Blista ina vidonge 4, dawa ya wiki 4. Foleni siku ile ilikuwa imefika ngazini, na mwenzetu aliyekuwa dirishani, kijana makini ambaye leo ningempa mzazi wangu amhudumie, aliandika juu ya bahasha kile ambacho mkono wake ulikuwa umekiandika tangu asubuhi kwa dawa za presha: 1×1. Aliyehakiki aliangalia jina, akahesabu vidonge, akakuta hesabu inalingana na cheti, akapitisha. Kila mmoja alikagua sehemu yake, na hakuna aliyesoma bahasha kwa macho ya bibi.

Bibi alikuwa mtii. Alimeza cha kwanza baada ya swala ya alfajiri, kwa mafunda mawili ya maji, akarudi kulala kwa sababu mkono ulikuwa bado unamuuma. Kesho yake akafanya vilevile. Siku ya tatu kifua kikaanza kumuunguza katikati, na kumeza tonge la ugali kukawa kazi. Mjukuu akatumwa duka la dawa la mtaani, akaeleza kwamba bibi ana kiungulia, akauziwa chupa ya dawa ya kutuliza asidi, na hakuna aliyemuuliza bibi anatumia dawa gani nyingine. Siku ya nne akameza cha mwisho, kwa kuwa bahasha ilisema hivyo. Siku ya tano alikuja kwetu.

Mimi nilikuwa dirisha la pembeni. Blista ilikuwa imepasuliwa vitundu vyote vinne kwa mpangilio, na bahasha aliitunza bila kukunjamana, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Kila alipotaka kumeza mate aliinamisha kichwa na kufumba macho, akasubiri, ndipo akaendelea kusema. Tulimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba wanangu. Dawa imekwisha, nimekuja kuchukua nyingine. Ila hiki kifua sijui kimepatwa na nini." Hakuja kulalamika, alikuja kuongezewa. Kama tungekuwa na haraka kama ile ya siku ya kwanza, tungempa.

Alipelekwa kwa daktari siku ileile, dawa ikasimamishwa, kalsiamu ya damu ikapimwa kwa sababu dozi kubwa huweza kuishusha, na kipimo cha kamera kikaonyesha vidonda kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Alipona baada ya wiki kadhaa za uji na dawa za kupunguza asidi. Mwenzetu alimfuata, akamweleza waziwazi kilichotokea, akamwomba radhi, naye akasamehe. Lakini hakutaka tena kusikia habari ya kidonge cha mifupa, na ulipita muda mrefu mifupa yake ikiwa haina kinga mpaka daktari alipomshawishi kuhusu sindano. Hasara hiyo haionekani kwenye daftari lolote. Na hatari yenyewe haikuwa ngeni: alendroneti iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na mwaka 1996 madaktari wa hukohuko walikuwa tayari wamechapisha taarifa za wagonjwa walioungua umio, baadhi yao wakiwa wamemeza kwa maji machache au wamelala baada ya kumeza.

Tangu hapo sikubali "1×1" wala "1×1 kwa wiki" kwenye bahasha ya dawa hii. Andikeni kwa maneno: "Kidonge KIMOJA, kila JUMAPILI asubuhi tu." Siku achague mgonjwa mwenyewe, maana anaijua wiki yake, wengine huchagua Ijumaa, wengine siku ya ibada kanisani, mama mmoja wa Buguruni alichagua siku asiyokwenda sokoni. Kisha msimuulize kama ameelewa, kwa sababu mgonjwa mwenye adabu atawajibu ameelewa. Mwambieni, "Mama, hebu nieleze, Jumapili ukiamka utafanyaje?" Nyamazeni, msikilize mpaka mwisho. Na mweleze kwamba akipata maumivu ya kumeza au kuungua kifuani, aache dawa na arudi, asinunue ya kiungulia mtaani.

Jambo la tatu linawahusu wagonjwa wenu wengi ifikapo Ramadhani, nalo halimo kwenye vijarida vya kiwandani. Ukimwambia mtu anayefunga "meza asubuhi", atameza na funda la mwisho la daku kisha arudi kulala, na hapo amekosea mara mbili: kidonge kimekuta chakula, na amelala nacho. Afanye kinyume chake. Siku ya dawa aamke mapema kidogo, ameze kwa glasi nzima, atimize dakika 30 akiwa kwenye shughuli za jikoni, ndipo ale daku. Ni asubuhi nne au tano tu katika mwezi mzima, na nimeona wagonjwa wakilipokea kwa furaha wakielezwa hivyo.

La nne, ulizeni dawa nyingine zote. Kalsiamu kaboneti iende mchana au usiku pamoja na chakula, dawa za madini ya chuma na za kutuliza asidi zisiikaribie alendroneti asubuhi ile. Mwenye dawa ya tezi shingo, levothairoksini, aiweke mbali na kalsiamu kwa saa 4. Anayetumia TLD, kidonge cha VVU chenye dolutegraviri ndani yake, anahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa kalsiamu hushika dolutegraviri pia: ameze TLD saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, la sivyo azimeze pamoja na chakula. Swali hilo msiliulize dirishani mbele ya foleni. Kuna chumba cha ushauri. Kitumieni, hata kama watu wananung'unika. Na mkiona cheti cha prednisoloni kinachojirudia kwa miezi 3 na zaidi, mkumbusheni daktari kuhusu mifupa ya mgonjwa huyo, maana dawa hiyo huidhoofisha kimyakimya.

Asiyeweza kukaa wima kwa dakika 30, mwenye umio uliobana, mwenye kalsiamu ya chini, au mwenye uchujaji wa figo chini ya mililita 35 kwa dakika, rudisheni cheti kwa daktari kabla ya kutoa. Mwenye jino la kung'oa aling'oe kwanza ikiwezekana, na amwambie daktari wa meno kuwa anatumia dawa hizi.

Sindano nazo zina mitego yake. Asidi ya zoledroniki ya miligramu 5 hutolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka, kwa muda usiopungua dakika 15, na ndani ya siku 3 za mwanzo wengi hupata homa na maumivu ya mwili, hasa mara ya kwanza. Katika jiji hili homa na viungo kuuma maana yake ni malaria, na mgonjwa atakwenda kununua dawa ya mseto. Mwambieni mapema kwamba homa hiyo huweza kuja, parasetamoli husaidia, na apime malaria kabla ya kumeza chochote cha malaria, kwa sababu inaweza pia kuwa malaria kweli. Denosumabu ya kila miezi 6 haingoji. Ikicheleweshwa, kinga huondoka haraka na pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika, hata kadhaa kwa mfululizo, kwa hiyo mgonjwa asiondoke bila tarehe ya sindano inayofuata.

Aliyesahau kidonge cha wiki anameza asubuhi inayofuata baada ya kukumbuka, kisha anarudi kwenye siku yake ya kawaida, na hamezi viwili kwa siku moja hata akisihi.

Mwisho, dawa za kundi la bisfosfoneti si za maisha. Baada ya takriban miaka 5 ya vidonge, au 3 ya zoledroniki, daktari anapaswa kupima upya kama mgonjwa aendelee au apumzike, kwa kuwa matumizi ya muda mrefu yameambatana na mivunjiko nadra ya paja, ambayo mara nyingi hutanguliwa na maumivu ya paja au kinena. Nimekutana na wagonjwa waliokuwa wakiongezewa dawa dirishani bila yeyote, wao wenyewe wakiwamo, kujua walianza lini. Basi andikeni mwezi na mwaka wa kuanza kwenye kadi ya kliniki, kwa wino, kabla mama hajaondoka dirishani.