Kifusi cha jengo chini ya barabara: kwa nini tabaka linakauka na kubomoka

Swali: Tumebomoa jengo la ghorofa tatu, tumebaki na zege, matofali ya kuchoma na plasta. Tumevisaga na kutandika kipande cha barabara ya mtaa ya upana wa mita 6, badala ya kokoto za mlimani. Tulimwagia maji na kushindilia vizuri, lakini kesho yake juu palikuwa pakavu na kokoto ziking'oka kwa mguu. Tumekosea wapi?

Jibu: Kosa liko kwenye maji. Kila kokoto iliyotokana na zege kuukuu imeng'ang'aniwa na ganda la saruji na mchanga, na ganda hilo lina matundu madogo yanayonyonya maji. Kokoto ya itale kwa kawaida hainyonyi hata asilimia 2 ya uzito wake. Ya zege kuukuu hufika asilimia 4 hadi 8, na tofali la kuchoma huzidi hapo. Maji mliyomwaga yalionekana kutosha rola lilipokuwa linapita. Baada ya saa chache yalikuwa yameingia ndani ya kokoto, na vumbi linaloshikanisha tabaka likabaki kavu.

Dawa ni kulowesha rundo siku moja kabla, si barabarani. Mwagieni, geuzeni kwa kijiko cha tingatinga, mwagieni tena, acheni saa 24. Chukueni mita 100 kwa upana wenu wa mita 6 na unene wa sentimita 15: ni mita za ujazo 90 zilizoshindiliwa, takriban tani 170 za kifusi kikavu. Kama maabara imesema maji yanayofaa ni asilimia 11 na rundo lina asilimia 4, mnahitaji asilimia 7 zaidi, yaani karibu lita 12,000. Nyingi ziingie kwenye rundo. Boza barabarani lifidie tu kile jua linachokausha.

Waambieni na watu wa maabara waloweshe sampuli na kuifunga kwenye mfuko usiku kucha kabla ya kupima. Wakiipima mara tu baada ya kuichanganya na maji, watawapa kiwango kisicho sahihi, na mtarudia kosa lile lile kwa hesabu nzuri.

Sasa plasta, ambayo inanitia wasiwasi kuliko maji. Ya saruji haina neno. Ya jasi, pamoja na mbao za dari za jasi, itolewe kabla ya kusaga. Kwaruza kwa ukucha: jasi hutoa unga mweupe, saruji iliyokomaa haichuniki. Jasi ina salfeti, na mkija kuimarisha tabaka kwa saruji au chokaa, salfeti hiyo ikikutana na maji na alumina (madini yaliyomo kwenye saruji na udongo) hutengeneza fuwele zinazovimba. Barabara huinuka mawimbi miezi kadhaa baadaye, na hakuna kiraka kinachoiponya. Mbao za miti nazo zichambuliwe kwa mkono, kwa sababu zitaoza na kuacha mapango. Nondo ziondolewe kwa sumaku. Kama paa lilikuwa na mabati ya asbesto, hayo hayasagwi kamwe: vumbi lake linaua. Yaondolewe mazima, yakiwa yameloweshwa, na watu wenye vifaa vya kujikinga.

Kwa barabara yenu ningekiweka kifusi hiki kwenye tabaka la chini ya msingi, ambako CBR (kipimo cha nguvu ya tabaka kubeba mzigo) ya asilimia 30 baada ya kuloweshwa hukubalika katika miongozo mingi. Tabaka la msingi lililo chini ya lami mara nyingi hudai CBR ya asilimia 80. Zege tupu lililochekechwa vizuri linaweza kufika, lakini lenye matofali mengi sitaliweka hapo, kwa kuwa tofali husagika chini ya rola na vumbi lake hulainika likipata maji.

Kipande mlichokwisha kutandika msikifukie. Kichimbueni kwa meno ya greda kina chote cha sentimita 15, kiloweshwe hadi kesho yake, kichanganywe, kisha kishindiliwe upya. Kuzunguka mabomba ya kutolea maji wekeni kokoto za mlimani, maana maji yanayopita kwenye zege lililosagwa hubeba chokaa, na chokaa hiyo huganda nyeupe kwenye matundu ya bomba hadi yazibe.