Mashine ya oksijeni inachemka

SWALI: Zahanati ya parokia yetu imeletewa na marafiki wa dayosisi walioko Marekani mashine ya kuzalisha oksijeni, ya lita 5. Tunaiwasha kwa transfoma, lakini inachemka na taa ya manjano haizimiki. Je, imekufa? – Muuguzi, Kigoma

JIBU: Huenda bado, dada. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema volti 115, hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), ugonjwa ni huo. Transfoma hushusha volti tu. Hezi zinabaki 50 za kwetu. Mota inazunguka polepole kwa karibu moja ya sita, inachemka, na hewa haisukumwi ipasavyo. Hakuna fundi wa mtaani wa kulitibu hilo. Waambieni wafadhili, kwa heshima zote, kwamba zawadi ijayo iwe ya volti 230, hezi 50.

Kikiwa sahihi, toa chujio la sponji ubavuni, lioshe kwa maji na sabuni, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Fanya hivyo kila wiki. Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani. Taa ikibaki manjano, pima hewa inayotoka kwenye mashine kwa kipima oksijeni ya hewa: ikiwa chini ya asilimia 82, usimwekee mgonjwa. Mara nyingi zeolaiti, yaani chembe za ndani zinazonasa naitrojeni ya hewa ili ibaki oksijeni, imelowa unyevu, hasa mashine ikikaa stoo miezi bila kuwashwa.

Mtungi wa oksijeni wa akiba usikosekane. Kichanga apewe nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, wala usikisie: tumia kipima oksijeni ya damu, kinachovalishwa kichanga mguuni au mkononi.